Mbwa wa Mluzi Mmoja

Niseme mapema kwamba mimi mbwa siwapendi. Sikuwapenda nikiwa mtoto na siwapendi sasa. Hapa Mikumi, kwenye barabara kuu, wakati mwingine husimama gari dogo zuri, mwenye gari akashuka kununua chapati zangu huku amempakata mbwa kama mtoto mchanga, akimpangusa macho kwa kitambaa. Mimi namfungia chapati zake na kutazama pembeni. Kwa hiyo haya siyaandiki kwa mapenzi ya mbwa. Nayaandika kwa sababu ya baba yangu, na baba yangu huwezi kumweleza mtu akamwelewa bila kumtaja mbwa.

Shamba letu liko bondeni, kati ya Masanze na Tindiga, mahali ambapo mpunga unalimwa chini na mahindi juu kidogo, na nguruwe pori wanakula vyote viwili bila ubaguzi. Kila shamba kule lina dungu, kichanja cha miti mirefu kilichoezekwa nyasi, ambacho mlinzi hukaa juu yake tangu mahindi yanapotoa mbelewele mpaka siku ya kuvuna. Wengine walikaa dunguni na manati, wengine na debe la kugonga. Baba alikaa na mbwa, na alikaa hivyo maisha yangu yote.

Sisi ni Waislamu, na baba alikuwa mtu wa swala tano asiyetaka mchezo. Alituambia kwamba mbwa wa kulinda shamba anaruhusiwa, ila mate yake ni najisi na nyumbani haingii. Basi mbwa aliletwa shambani akiwa mdogo, akala shambani, akazeeka na kufa huko huko, akaletwa mwingine. Baba hakuwahi kumgusa hata mmoja kwa mkono. Alikuwa na fimbo ya mti wa mkole iliyolainika kwa kushikwa, na kila asubuhi akishuka dunguni, mbwa alikuja akajilaza kifudifudi mbele yake, naye akamkuna mgongo kwa ncha ya fimbo, taratibu, kuanzia shingoni hadi kwenye mkia. Ikitokea mate yamemgusa mguu au nguo, alikwenda mtoni akajitoharisha kwa maji na udongo kama dini inavyoagiza, akarudi, na wala hakumnunia mbwa.

Wakati wa kumkuna alikuwa akimsemesha. Hapo ndipo penye kidonda changu. Alimsemesha kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeshiba na aliyeridhika, akamuuliza kama amechoka, akamsifia kwa kazi ya jana. Sisi watoto hatukuwa tunaifahamu sauti ile. Sisi tulifokewa. "We! Maji yako wapi?" Ndivyo tulivyoitwa. Nilimwonea mbwa wivu, na wivu wa namna hiyo ni mbaya kwa sababu huna mtu wa kumshitakia. Utamwendea nani useme unamwonea wivu mbwa, asikucheke?

Sasa mluzi. Kule bondeni mbwa wa shamba hapewi jina. Jina kila mwizi anaweza kulitamka. Mbwa anafunzwa mluzi wa mwenye dungu, na kila mwenye dungu ana mluzi wake, kwa sababu nguruwe wakiingia mbwa wa mashamba yote hukimbia pamoja gizani, na bila miluzi tofauti ungewakuta asubuhi kila mmoja kwenye dungu lisilo lake. Kupiga mluzi wa mwenzako ni sawa na kufungua ghala lake. Namkumbuka kijana mmoja aliyeiga mluzi wa jirani kwa utani tu, tena mchana, wazee wakamtoza kuku na hakuna aliyecheka.

Na baba alikwenda mbali kuliko wenzake. Alimfunza mbwa wake kwamba yeyote anayevuka mpaka wa shamba bila ule mluzi kusikika ni adui, awe nguruwe, awe mtu. Yeye mwenyewe hakuvuka kabla hajaupiga, hata jua likiwa utosini. Sisi tulipopeleka chakula tulisimama mpakani na bakuli kichwani mpaka baba apige mluzi, ndipo tupite. Alijivunia sana jambo hilo. "Shamba langu haliingiwi," alikuwa akisema.

Mluzi wenyewe ulikuwa mfupi, mfupi tena, kisha mrefu unaoshuka kama maji yanayomiminwa mtungini. Mimi niliujua. Kwetu msichana hapigi mluzi, anaambiwa anaita nyoka, lakini nilijifunza mtoni wakati wa kuosha vyombo, kwa pumzi tu, bila kutoa sauti ya kufika mbali. Sikuwa na haja na mbwa. Nilitaka kujua mtu anajisikiaje akiitwa hivyo.

Miaka ikapita kama inavyopita. Mama akafariki. Mimi nikaolewa Mikumi, nikaachika Mikumi, nikabaki Mikumi na jiko langu kando ya barabara. Baba alizeeka akiwa bado anapanda dunguni. Kila nilipokwenda nilimwambia shuka, baba, njoo ukae kwangu, mahindi nitakununulia. Akanijibu kwa swali moja la kunichefua roho, kwamba akishuka yeye, mbwa atakaa na nani. Huyu mbwa wa mwisho alikuwa dume wa rangi ya majivu, kifua kipana, sikio moja limechanwa na nguruwe. Nikamwambia baba basi kaa na mwanao huyo. Tulikuwa tunazungumza hivyo, mimi na yeye.

Kiharusi kilimpata asubuhi, mara tu alipokanyaga chini akitoka dunguni. Aliyemwona ni jirani yetu wa upande wa malishoni, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe zake miaka mingi iliyopita. Yeye na baba hawakuwa marafiki. Walishafikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye mahindi, na tangu hapo walisalimiana shingo upande. Lakini alipomwona mzee ameanguka na hanyanyuki, aliita watu, wakaja mbio.

Hawakuweza kumfikia. Mbwa alisimama juu ya baba, miguu huku na huku, na kila aliyevuka mpaka alimrukia. Wakamrushia ugali, hakuutazama. Wakapiga miluzi yote wanayoijua, na mluzi wa baba hakuna aliyeuthubutu wala aliyeupatia. Mmoja aliraruliwa suruali na nyama ya paja. Wengine wakaokota mawe, jirani akawazuia, maana jiwe likimkosa mbwa linampata mzee. Jua likapanda. Baba alikuwa amelala pale, macho wazi, anawaona watu waliokuja kumwokoa, na mdomo wake ambao ungeweza kutoa sauti moja tu ya kumwambia mbwa "waache wapite" ulikuwa umeshapinda.

Mwishowe jirani alikwenda akaswaga ng'ombe zake zote, akaziingiza katikati ya mahindi ya baba. Alijua mbwa yule amefunzwa nini, kwa sababu alikuwa amefukuzwa naye mara nyingi. Ng'ombe walipoanza kuvunja mabua, mbwa alimtazama baba, akatazama ng'ombe, akamtazama baba, kisha akakimbilia kazi yake. Hapo ndipo wakamnyakua mzee, wakampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, wakampeleka hospitali Kilosa. Mahindi yalikanyagwa upande mzima. Jirani aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo mara pekee aliyoingiza ng'ombe shambani kwetu kwa kukusudia.

Daktari alikuwa mpole, lakini alisema kile madaktari wanachosema, kwamba mngemwahisha. Nilisimama koridoni nikamlaani yule mbwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Nilimleta baba kwangu Mikumi. Nilimlaza chumba cha mbele, karibu na dirisha, malori yakipita na vumbi lao. Upande wa kulia wa mwili haukurudi. Maneno yalirudi kidogo kidogo, yakiburuzika, na ilibidi uinamishe sikio. Kila alfajiri, akishaswali kwa ishara pale pale kitandani, alikuwa akikusanya midomo na kupuliza. Hewa ilitoka upande mmoja pamoja na mate, nami nikamfuta. Nilidhani anataka uji wake upoozwe. Nikawa naupooza kabla ya kumletea, na bado anapuliza. Siku moja nikasikiliza vizuri. Pumzi fupi, fupi tena, kisha ndefu. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na kitambaa mkononi, hasira imenijaa. Nusu ya mwili wake ilikuwa imekufa kwa sababu ya mbwa yule, na nusu iliyobaki ilikuwa inamwita.

Jirani alikuwa akinipigia simu mara kwa mara, nami naweka spika baba asikie. Mbwa hajaondoka shambani, alisema. Analala chini ya dungu. Yeye humwachia makande na maziwa ya mgando kwenye kichuguu cha mpakani, na mbwa anakuja kula akishaona mtu ameenda zake. Nilishangaa, maana yule bwana hakuwa na deni lolote kwetu. Baba alisikiliza akiwa amefumba macho, akauliza swali moja tu kila mara, anakula? Jirani akajibu, anakula, mzee.

Halafu gari la chanjo ya kichaa cha mbwa likapita kwenye shule ya kijiji. Watu wote walipeleka mbwa wao na kamba shingoni, wa kwetu hakukamatika. Sisi tulisikia baada ya gari kuondoka. Sikulitilia maanani. Nilikuwa na mgonjwa wa kugeuza kitandani na unga wa kukanda, nani ana nafasi ya kuwaza chanjo ya mbwa?

Simu iliyofuata ilikuja mchana, nikiwa jikoni. Safari hii jirani hakuanza na habari za mvua.

"Dada, mzee yuko karibu?"

"Yuko. Anakusikia."

"Shikamoo, mzee. Nina neno, na siyo zuri."

Alisema kwamba mbwa mgeni alitokea upande wa mtoni, anayumba, mate yanamtoka. Aling'ata ndama wake mmoja, kisha akaingia shambani kwetu. Mbwa wetu alimkabili kama alivyofunzwa. Walipigana mpaka yule mgeni akafa, na wetu alibaki na jeraha begani. Ndama alikwishakufa, alisema, na hakufa vizuri. Alilia kwa sauti isiyo ya ng'ombe, akagonga kichwa ukutani mwa zizi, watoto wake wakawa hawataki kutoka nje. Bwana mifugo amefika. Amesema mbwa aliyeng'atwa na hana chanjo haachwi hai, hata kama leo anaonekana mzima, kwa sababu atageuka, na siku atakapogeuka atakutana na mtoto anayechota maji. Mwenyekiti wa kitongoji amekubali. Vijana wanajiandaa na mishale na marungu na mawe. Jumamosi watalizunguka shamba.

"Mimi nimewaomba wasubiri kidogo," akasema. "Bwana mifugo ana sindano. Anasema mbwa akipata mtu wa kumtuliza, atakwenda bila kelele. Lakini nani wa kumtuliza? Ndiyo maana nimepiga."

Nilimtazama baba. Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja, lile ambalo bado lilikuwa linamtii. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, hata siku tulipomzika mama. Nikaisogeza simu karibu na mdomo wake.

"Asife kwa mawe," baba akasema. Alilisema polepole, silabi moja moja, ili nisilikosee. "Mwite wewe."

"Mimi simwezi, baba."

"Mluzi unaujua. Nilikuwa nakusikia mtoni."

Miaka yote ile nilidhani ni siri yangu. Kumbe alikuwa amenisikia, na yeye, ambaye wazee wenzake walimtoza mtu kuku kwa jambo hilo hilo, hakunifokea. Sikujua niliweke wapi neno hilo, kwa hiyo nilifanya ninachokijua, nikakasirika.

"Baba, yule mbwa ndiye aliyekulaza hapa. Wasingechelewa, ungekuwa unatembea. Na wewe unataka mimi niende nikampigie mluzi?"

"Mimi ndiye niliyemfunza," akasema. "Alifanya nilichomfunza."

Simu ilikuwa bado hewani. Jirani alikuwa anasikia yote.

"Akiusikia atakuja," baba akaendelea. Ilimchukua muda mrefu. "Usimdanganye. Akija, mkune kwanza."

Ijumaa asubuhi nilimwachia jirani yangu wa Mikumi jiko na mgonjwa, nikaenda Kilosa, na kutoka njia panda nikachukua bodaboda mpaka bondeni. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba naenda kwa ajili ya baba, kwamba mbwa ni mbwa, kwamba Jumamosi jioni yote yatakuwa yamekwisha na mimi nitakuwa nakanda unga. Mkoba wangu ulikuwa na kanga ya kubadilisha na udongo safi kidogo nilioufunga kwenye nailoni, kwa ajili ya kujitoharisha.

Nilimkuta jirani na bwana mifugo mpakani. Bwana mifugo alikuwa kijana wa wilayani, amevaa mabuti ya mpira, ana haraka na hana roho mbaya. Alinipa glavu nene, akanieleza. Sindano ya kwanza itamlaza, ya pili itamaliza. Nisimsogezee uso. Nisiguse mate wala kile kidonda. Niliitikia ndiyo, ndiyo, huku natazama shamba.

Mahindi yalikuwa yamekauka, hakuna aliyevuna. Upande uliokanyagwa na ng'ombe ulikuwa magugu matupu. Lakini upande wa pili mabua yalisimama yote, na mahindi yamening'inia vichwa chini, makavu, mazima. Mashamba ya majirani yalikuwa yamevurugwa na nguruwe mpaka udongo umepinduka. Letu hakuna nguruwe aliyelikanyaga. Mbwa alikuwa ameendelea kulinda mahindi ambayo hayana mwenyewe, usiku baada ya usiku, na hakuna aliyeshuka asubuhi kumwambia amefanya vizuri.

Fimbo ya baba ilikuwa imeegemea kwenye nguzo ya nyumba ya jirani. Aliiokota siku ile baba alipoanguka, akaiweka kwake. Alikwenda akaichukua, akanipa.

Mara ya kwanza mluzi haukutoka. Midomo ilikuwa mikavu, na wanaume wawili wamesimama nyuma yangu wanamsikiliza mwanamke mtu mzima anayejaribu kupiga mluzi. Nikasogeza ushungi, nikalamba midomo, nikaupiga. Mfupi, mfupi, kisha mrefu unaoshuka. Ulitoka kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Ulikuwa wa baba kabisa, mpaka nywele zilinisimama.

Mbwa alitoka kwenye mahindi mbio. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya dungu, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka ya mbele kwenye ngazi, akatazama juu. Akazunguka nguzo zote nne akinusa. Akarudi kwenye ngazi, akatazama tena juu. Mkia wake ulikuwa unapiga mahindi makavu, unatoa sauti ya makaratasi. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, na begani kidonda kimekauka cheusi. Alikuwa na furaha. Sina neno lingine. Alikuwa na furaha kuliko kiumbe chochote nilichokiona mwaka ule.

Nilitamani kugeuka nirudi Mikumi. Nasema kweli. Nikaupiga tena.

Hapo ndipo aliponiona. Alisimama kimya, sikio lake zima limesimama, akinitazama mimi, kisha akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anayekuja. Alisubiri. Mtu hakuja. Kisha akasogea, polepole, tumbo likikaribia kugusa ardhi, akafika mbele ya miguu yangu akajilaza kifudifudi, mgongo juu, kichwa kati ya miguu ya mbele. Mluzi umesikika, na yeye ametii.

Nikamkuna. Shingoni kwenda mkiani, taratibu, kwa ncha ya fimbo. Ngozi yake ilicheza chini ya fimbo, akatoa pumzi ndefu. Nikajikuta namsemesha. Sikukusudia. Nilimwambia kwamba baba anakula, kwamba analala karibu na dirisha, kwamba anaulizia habari yake kila siku. Nilisema kwa sauti ya chini, na sauti iliyotoka sikuijua kama ninayo. Bwana mifugo alikuja kutoka nyuma, akachoma sindano ya kwanza kwenye paja. Mbwa alishtuka, akageuza kichwa. Nikaendelea kumkuna. Akakirudisha kichwa chake, akakilaza juu ya mguu wangu.

Kilikuwa kizito. Kila dakika kilizidi kuwa kizito. Nikaweka fimbo chini, nikachuchumaa, nikavua glavu ya kulia. Sijui kwa nini, na nisiulizwe. Nilimwekea kiganja kitupu juu ya shingo, mbali na kidonda, pale ambapo fimbo ya baba ilikuwa ikianzia, nikakiacha hapo mpaka sindano ya pili ilipofanya kazi yake. Nilisikia moyo wake ukipunguza mwendo chini ya mkono wangu, halafu sikuusikia tena.

"Mama, umevua glavu," bwana mifugo akasema, na alikuwa amekasirika kwa haki. Alinipeleka kwenye ndoo, akanisimamia nikaosha mkono kwa sabuni mpaka vidole vikakunjamana, akaniamuru nipite kituo cha afya nianze chanjo, hata kama sijachubuka. Nikasema sawa.

Jirani ndiye aliyechimba. Alichimba shimo refu, akavua kofia yake, akamshusha kwa gunia, akarudishia udongo na kuweka mawe juu ili fisi wasifukue. Alipomaliza alisimama akiegemea jembe.

"Alinifukuza miaka yote hii," akasema. "Mwambie mzee mahindi yake nitayavuna mimi na vijana wangu. Nitayaleta Mikumi."

Nilifika nyumbani mchana umeinama. Baba alikuwa amegeuzwa kuelekea mlangoni, nadhani aliomba ageuzwe. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake, fimbo mapajani.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Mara moja?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. "Alikwenda dunguni kwanza," nikasema. "Alitazama juu. Alikuwa anakutafuta. Halafu akaja kwangu akalala."

Baba akafumba macho.

"Nilimkuna," nikasema. "Kama ulivyosema. Alikuwa na kichwa kwenye mguu wangu. Hakuogopa, baba. Hakujua."

Nikadhani amelala. Nikanyanyuka niende uani na ule udongo wangu wa kwenye nailoni, maana adhana ya alasiri ilikuwa karibu. Akafungua macho.

"Ulimshika?"

"Nilimshika."

"Kwa mkono huo?"

"Huu. Nimenawa kwa sabuni tu. Sijajitoharisha bado, ngoja nika—"

"Lete."

Nikadhani hajanielewa. Nikarudia, nikasema baba, mkono huu umemgusa mbwa, haujatoharishwa, na swala imekaribia. Alinitazama kwa yale macho aliyokuwa akitutazama nayo zamani tukiwa wazito wa kuelewa, akanyoosha mkono wake mzima.

Nikampa. Aliushika mkono wangu akauvuta mpaka kwenye shavu lake, upande ambao bado unasikia, akaubana hapo. Akapitisha vidole vyake juu ya kiganja changu, polepole, kila mahali, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka mchangani. Mimi nililia na sikuficha. Adhana ikaanza kwenye msikiti wa ng'ambo ya barabara, malori yakaizima, ikasikika tena, ikaisha. Baba hakuuachia mkono wangu.